Gari Linasema Kadi

Nyumbani kwa akina Mwanatatu, kule Mtongwe, kila asubuhi gari liliamkia watu.

Baba yake, Bwana Boga, alipotia ufunguo na kuuzungusha, sauti ya mwanamke ilitoka chini ya usukani. Ilikuwa sauti laini, ya heshima, na ilisema maneno marefu ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyaelewa. Gari lile lilikuwa limetumika Japani miaka mingi kabla ya kuletwa Mombasa, na bado halikuwa na habari kwamba limehama. Lakini Bibi Mishi, mamake Baba, aliyekuwa akiketi barazani kuchambua mchele, hakuwa na shaka na alichokisikia.

"Marahaba, mwanangu!" aliitikia.

"Mama, hilo ni gari," Baba alimwambia siku ya kwanza, akicheka.

"Na liwe gari! Limefunzwa adabu kuliko vijana wengi wa hapa mtaani. Limeniamkia, nami nimeitikia. Kosa langu liko wapi?"

Basi ikawa desturi. Watoto waliipa sauti ile jina la Bi Mgeni, na hakuna aliyejisumbua tena kuuliza anasema nini.

Katikati ya dashibodi palikuwa na skrini pana iliyofungwa humo tangu kiwandani. Redio ilikuwa humo, simu ya Baba ilisikika humo, na ramani pia ilikuwa humo, ila ilikuwa ramani ya Japani. Ukiwa Mtongwe, skrini ilikuonyesha uko katikati ya bahari. Kitu ambacho Baba alikipenda hasa ni kamera ya nyuma. Aliporudisha gari kinyumenyume, aliona kwenye skrini kila kilichokuwa nyuma yake, hata kuku. Kwa ajili ya kamera hiyo, mwalimu mkuu wa chekechea moja ya Likoni alikuwa amekubali Baba awe akiwapeleka watoto shuleni na kuwarudisha. Jumatatu angekuja kulikagua gari, na baada ya hapo kazi ianze.

Mwanatatu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Shuleni alikuwa mpiga picha wa Chama cha Wanahabari, na alikipenda cheo hicho kupita kiasi. Alhamisi hiyo, mlezi wao, Mwalimu Roseline, aliwaambia kwamba kesho wangekwenda kupanda mikoko. Tatizo lilikuwa moja: kadi ya kamera ya shule ilikuwa imeharibika.

"Bila kadi, kamera haihifadhi picha hata moja," alisema huku akiiinua ile kadi mbovu waione. "Aliye na kadi kama hii nyumbani, awaombe wazazi ruhusa, atuazime kwa siku moja."

Ilikuwa kadi bapa, ya buluu, imekatwa pembe moja. Mwanatatu aliitambua papo hapo. Siku Fundi Rashad alipokuja kuirekebisha redio ya gari ishike stesheni za hapa, aliiinamisha ile skrini mbele, na nyuma yake palikuwa na kadi kama hiyo hiyo.

Sasa sikiliza jinsi mtoto huyu alivyojidanganya. "Hiyo kadi ni ya ramani," alijiambia, "na ramani yenyewe ni ya Japani. Baba haitumii. Naichukua leo, kesho jioni nairudisha. Nani atajua?" Kumwuliza Baba hakutaka, maana alijua jibu lingekuwa nini.

Jioni hiyo Baba alirudi na gari linang'aa. Lilikuwa limetoka kuoshwa kwa Mama Philister, barabarani.

"Mwanatatu!"

"Abee, Baba!"

"Nenda kaniletee kofia yangu, nimeisahau garini. Ufunguo huu."

Bahati ilioje! Mwanatatu aliingia garini, akatia ufunguo na kuuzungusha kidogo ili skrini iwake. Bi Mgeni akasema maneno yake. Kutoka ndani ya nyumba, Bibi Mishi akaitikia, "Marahaba!" Mwanatatu alishtuka. Akabonyeza kitufe, skrini ikainama, akaichomoa kadi na kuitia mfukoni. Kisha akampelekea Baba kofia na ufunguo.

Kesho yake alidamka mapema, Baba hajaliwasha gari. Kule ufuoni alipoitia kadi kwenye kamera, maandishi yalitokea: kadi haisomeki, ifutwe? Watoto wenzake walikuwa tayari matopeni, wanamwita. Akabonyeza ndiyo. Picha zikatoka nzuri ajabu, hasa za rafiki yake Lynnette, aliyezama kwenye tope hadi magotini akicheka na mche mkononi.

Aliporudi nyumbani saa kumi, alimkuta Baba amesimama kando ya gari, mikono kiunoni. Skrini ilikuwa nyeusi tii, na katikati yake mstari mmoja wa maandishi mekundu. Mle ndani mlikuwa na mlio mwembamba usiokoma, tii, tii, tii.

"Fundi Rashad amelitazama," Baba alimwambia Bibi. "Anasema kadi imetolewa kwa mkono wa mtu. Na skrini haikubali kadi nyingine ila ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Isiporudi hiyo, hakuna redio, hakuna kamera, hakuna chochote. Na Jumatatu mwalimu mkuu anakuja!"

Akageuka. "Mwanatatu, umeiona kadi yoyote humu garini?"

Kadi ilikuwa ndani ya mkoba wake, kwenye kibweta cha kalamu. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono tu. Lakini alimtazama Baba usoni, akauona mshipa uliomsimama kwenye paji, na ulimi ukamtangulia.

"La, Baba."

"Basi ni Justus," Baba alisema. "Yeye ndiye aliyeosha ndani jana. Hakuna mtu mwingine wa nje aliyeingia. Twende!"

Justus ni kakake Lynnette. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka bara, na kwa kuosha magari kwa Mama Philister ndiko alikopata cha kumlisha dadake na kumsomesha.

Wakaingia garini. Baba akauzungusha ufunguo. Skrini ilikuwa imekufa, lakini Bi Mgeni hakuwa amekufa. Alisema maneno yake yale yale, kwa sauti ile ile ya adabu. Mwanatatu alikuwa ameyasikia kila asubuhi. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alisikia neno moja likijitokeza wazi katikati ya mengine.

Kaado.

Kadi! Mwanatatu alishika kiti kwa mikono miwili. Gari linasema kadi. Gari linamwambia Baba.

Baba hakusikia lolote. Aliendesha kwa hasira hadi kwa Mama Philister, akashuka bila hata salamu.

"Kijana, kadi yangu iko wapi?"

Justus aliinuka na kitambaa kikidondoka maji. "Kadi gani, Mzee?"

"Usinichezee shere! Kadi ya skrini."

"Haki ya Mungu, Mzee Boga, mimi hiyo skrini nimepanguza vumbi tu. Sijatoa kitu. Siwezi kukufanyia hivyo, na umekuwa ukiniletea kazi tangu nifike hapa."

Watu walianza kukusanyika. Mama Philister, mwanamke mpole lakini mwenye msimamo, aliwatazama wote wawili kwa huzuni.

"Bwana Boga, magari ya watu nimewekewa amana. Nikiwa na mwizi hapa, hakuna atakayeniletea tena," alisema. "Justus, una hadi Jumapili saa nne. Kadi isipopatikana, utavua viatu vyangu vya mpira uende zako, na Bwana Boga ataamua kama ni polisi."

Ndani ya gari, Mwanatatu aliinamisha kichwa ili Justus asimwone.

Jumamosi ilikuwa siku ndefu. Asubuhi Baba alikuwa akilitoa gari uani kinyumenyume, huku akiigeukia skrini kwa mazoea. Haikumwonyesha kitu. Kukasikika mpasuko, na maji yakatapakaa. Mtungi wa Bibi Mishi, uliokaa pembeni pa mlango miaka nenda miaka rudi, ulikuwa vigae vitupu.

Baba alishuka, akasimama akivitazama.

"Leo ni mtungi," alisema polepole. "Je, angekuwa mtoto? Nitabebaje watoto wa wenyewe na gari lililopofuka?"

"Mtungi utanunuliwa mwingine," Bibi alisema. "Lakini Boga, kuna jambo linanikera. Alhamisi, baada ya magharibi, gari liliniamkia. Mimi niliitikia. Ni nani aliyekuwa akiliwasha saa ile?"

Mwanatatu, aliyekuwa akiokota vigae, aliganda alipoinama.

"Mama, saa ile gari lilikuwa limezimwa, mimi niko ndani nimepumzika," Baba alijibu. "Umesikia redio ya jirani."

"Mimi ni mzee, si kiziwi."

Lakini Baba alikuwa ameshaingia garini. Akaliwasha, na Bi Mgeni akasema tena. Kaado. Kigae kikamkata Mwanatatu kidole, wala hakuhisi.

Alasiri Lynnette alikuja. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni, macho yamemvimba.

"Nimekuja kurudisha kitabu chako," alisema. "Justus anasema akifukuzwa, Jumatatu tunarudi bara. Hajala tangu jana. Mwanatatu, wewe unamjua kakangu. Anaweza kuiba?"

"Hawezi," Mwanatatu alisema.

"Basi si umwambie babako? Wewe atakusikiliza."

"Nitamwambia."

Lynnette akamshika mkono. "Asante, rafiki yangu."

Neno hilo lilimchoma Mwanatatu kuliko kofi. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, akakifungua kibweta, akaitazama ile kadi. Ilikuwa ndogo hata haijai kiganjani. Alifikiria kuitupa ghubani. Alifikiria kuisukuma chini ya kiti cha gari ili ionekane imeanguka tu. Lakini wangeulizana iliangukaje, na ingekuwa imefutwa, na bado angelaumiwa yule aliyeosha. Njia zote alizozifikiria zilirudi kwa Justus, isipokuwa moja, na hiyo moja aliiogopa.

Jumapili, saa nne kasoro, aliomba kwenda na Baba. Kadi ilikuwa mfukoni, ameifumbata hadi jasho likamtoka mkononi. Njiani alijiambia, nikifika nitasema. Walifika. Hakusema.

Watu walikuwa wengi kuliko Ijumaa. Fundi Rashad alikuwapo, amekuja na kompyuta yake begani, kwa matumaini kwamba kadi ingepatikana. Justus alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na Lynnette amesimama nyuma yake.

"Saa nne," Mama Philister alisema. "Justus?"

"Mama, sina cha kurudisha. Singeweza kutoa nisichochukua." Akainama, akaanza kuvua viatu vya mpira. Kimoja. Lynnette akaanza kulia bila sauti.

Mama Philister hakuridhika bado. "Fundi, una hakika ni kadi? Isije ikawa ni kifaa chenyewe kimeharibika, tukamvunjia mtoto wa watu riziki."

"Nitakuonyesha maandishi yenyewe," Fundi Rashad alisema. Akaingia garini, akauzungusha ufunguo.

Na Bi Mgeni, kwa adabu zake zote, mbele ya halaiki ile ya watu, akasema maneno yake. Kaado.

"Basi! Basi, nimesikia!" Mwanatatu alipiga ukelele. "Usiseme tena! Kadi ninayo mimi!"

Watu wote wakageuka. Mwanatatu alikuwa analia, mkono umenyooka, na juu ya kiganja kilicholowa jasho imelala kadi ya buluu.

"Mwanatatu," Baba alisema. "Unamjibu nani?"

"Gari, Baba! Linasema kadi! Tangu Ijumaa linasema kadi, linanitaja! Niliichukua mimi Alhamisi uliponituma kofia. Nilitaka kupigia picha za shule. Nilitaka niirudishe, nikaogopa. Justus hajui lolote. Hajui lolote!"

Kisha Fundi Rashad akatikisa kichwa, akainama chini ya usukani na kugonga kijisanduku kidogo cheusi.

"Njoo hapa, binti. Sauti haitoki kwenye skrini, inatoka humu. Kule Japani, barabara nyingine kubwa hulipiwa, na dereva huweka kadi yake humu ndani ikalipa yenyewe. Isipokuwamo, kijisanduku kinamkumbusha: kadi haijawekwa. Hiyo ni kadi nyingine kabisa, na hapa haina kazi. Karibu kila gari la aina hii ninalolifungua linasema hivyo. Lenu limekuwa likisema tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza?" Mwanatatu aliuliza kwa kwikwi.

"Neno kwa neno. Halijui kama wewe upo duniani."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, lakini alipomwona Baba alinyamaza. Uso wa Baba ulikuwa umesawijika. Mwanatatu alingoja kofi. Halikuja. Baba alimpita, akaenda hadi kwenye ile ndoo, akaokota kiatu cha mpira kilichokuwa chini, akachutama mbele ya Justus akiwa nacho mkononi.

"Justus, nimekuita mwizi mbele ya watu hawa, na mbele yao hao hao nakuomba radhi. Sikuuliza nyumbani kwangu kwanza. Nilikutazama wewe kwa sababu ni wewe unayeshika kitambaa. Nimekukosea, mwanangu."

Justus alikipokea kiatu. Akakivaa polepole. "Imeniuma, Mzee," alisema mwishowe. "Sitakuficha, imeniuma sana. Lakini yameisha."

Kwa Lynnette hayakuwa yameisha. Mwanatatu alipomkaribia, alirudi nyuma hatua moja. "Jana nilikushika mkono," alisema. "Ulikuwa unajua." Mwanatatu akasema tu, "Nisamehe." Lynnette aligeuza uso.

Fundi Rashad aliipokea kadi, akaitia kwenye kompyuta yake. "Una bahati," alisema. "Ni kadi yenyewe, na ramani yake ninayo. Ingekuwa imetupwa, hata mimi nisingeweza kuwasaidia." Akazihamisha picha za mikoko kwanza, kisha akairudisha ramani. Ilimchukua karibu saa nzima. Hakuna aliyeondoka.

Hatimaye mlio ule mwembamba ukakatika, skrini ikawaka, na ramani ikaonyesha gari likiwa baharini, mahali pake pa siku zote. Watu wakapiga makofi. Baba akatia gia ya kurudi nyuma kuijaribu kamera, na picha ikatokea. Wa kwanza kuonekana alikuwa Justus, amesimama nyuma ya gari na viatu vyake vyote miguuni, akimpungia mkono Baba arudi taratibu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Baba hakuiwasha redio.

"Kuazima bila kuuliza si kuazima, mwanangu," alisema. "Hilo ni kosa la kwanza, na lilikuwa dogo. Ungeniambia Ijumaa, ningefoka, tungempelekea Rashad kadi, na jambo likaisha kabla ya magharibi. Lile 'la, Baba' ndilo lililovunja mtungi wa Bibi, likamvua Justus viatu na kumliza rafiki yako. Unaona lilivyokwenda mbali?"

"Naona, Baba."

"Jumamosi zote za mwezi huu utamsaidia Justus kuosha gari hili. Na kesho utamweleza Mwalimu Roseline kadi ilitoka wapi. Mwenyewe, kwa kinywa chako."

"Sawa, Baba." Kisha akauliza, "Mbona sikuwa nalisikia neno hilo zamani?"

Baba alijibu, "Kwa sababu zamani hukuwa na cha kuficha. Gari halikubadilika hata kidogo. Wewe ndiwe uliyekuwa ukijiambia, na hutaweza kujizima kwa ufunguo. Ukweli ukiutoa mapema, unalala usingizi wako."

Nyumbani, kabla ya kuvua hata viatu, Baba alikwenda barazani. "Mama, ulisema gari lilikuamkia Alhamisi, nami nikakupuuza. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mtungi bado nautaka," Bibi Mishi akajibu.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alikuja, akaikagua kamera, akaridhika. Baba alipotia ufunguo kuianza kazi, Bi Mgeni alisema maneno yake.

"Marahaba, mwanangu!"

"Bibi, si shikamoo," Mwanatatu alisema. "Fundi ameeleza. Anasema kadi haijawekwa."

"Kwako wewe anasema kadi," Bibi alijibu, akipeta mchele wake. "Mimi sikuchukua kitu cha mtu, kwa hiyo kwangu ni shikamoo."

Mwanatatu alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu Alhamisi. Kisha akauchukua mkoba wake, akatoka mapema kumtafuta Lynnette kabla kengele haijalia.